Lupini: pima jani, usitegemee kuonja mbegu

Bei ya mashudu ikipanda, wafugaji wa Njoro, Molo na Mau Narok, kwenye nyanda za juu za Kenya, huanza kutupia jicho kila jani bichi lililo pembeni mwa shamba. Lupini ni mojawapo. Ni mmea wa jamii ya mikunde, majani yake yametanuka kama vidole vya mkono, hupenda baridi na udongo wenye tindikali, na karibu thuluthi moja ya mbegu yake, au zaidi, ni protini. Wakati wowote mmea huu unapotajwa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema ukatwe kabla ya kufunga maganda, maana sumu iko kwenye mbegu na majani hayana neno. Wapo wanaosema lupini yote ni sumu, ing'olewe ichomwe. Naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na kipande hicho kikichukuliwa peke yake kinaweza kumgharimu mtu ng'ombe wake au rutuba ya shamba lake.

Uchungu na sumu ya lupini vinatokana na alkaloidi, yaani kemikali chungu ambazo mmea hujikinga nazo, zinazojulikana zaidi zikiwa lupanini na sparteini. Hizi hazizaliwi kwenye mbegu. Hutengenezwa kwenye majani mabichi, ndani ya kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua, kutokana na asidi amino iitwayo laisini, na kazi hiyo hufuata jua: mchana huongezeka, usiku hupungua. Kutoka hapo husafirishwa na mishipa ile ile inayobeba sukari ya mmea. Kwenye shina na kwenye jani hujikusanya zaidi katika ngozi ya nje, pale pale mdudu anapoanzia kutoboa. Mizizi hubaki na kidogo. Maganda yanapoanza kujaa, mmea huzielekeza kwa wingi kwenye mbegu, na katika lupini chungu zinaweza kufika asilimia 1 hadi 4 ya uzito wa mbegu kavu.

Kwa hiyo hoja ya kukata mapema ina mashiko, lakini si kinga. Ukikata kabla ya maganda umepunguza kipimo cha sumu, hujaiondoa, kwa sababu jani ndilo kiwanda chenyewe. Kukausha hakusaidii: alkaloidi hazipotei kwa jua wala kwa joto la jikoni, huondoka tu zikiyeyuka katika maji yanayomwagwa. Huko Montana, Marekani, kondoo walikufa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, na nyasi kavu zenye maganda ya lupini zilikuwa miongoni mwa zilizowaua.

Jambo linalosahaulika ni mwendo wa kula. Mwili wa mnyama huzitoa alkaloidi hizi haraka, kwa hiyo ng'ombe anayechuma mdomo mmoja hapa na pale katikati ya nyasi kwa kawaida hapati shida. Hatari iko kwa mnyama mwenye njaa anayewekewa rundo zima horini jioni, akalimaliza kwa mkupuo. Na hivyo ndivyo tunavyolisha hapa kwetu. Ng'ombe wengi wa maziwa hawachungwi, wanafungiwa na kukatiwa majani. Mtu akisema lupini za mwituni huliwa na wanyama malishoni na hawafi, anasema kweli, ila ukweli huo haumhusu ng'ombe aliyefungiwa bandani.

Kuna pia suala la mimba. Baadhi ya lupini za mwituni za magharibi mwa Marekani zina alkaloidi iitwayo anagirini. Ng'ombe akiila kati ya siku ya 40 na ya 100 ya mimba, ndama aliye tumboni huacha kujinyoosha ipasavyo na huzaliwa na miguu au uti wa mgongo uliopinda. Lazima niseme kwa haki kwamba ugonjwa huu hauhusishwi na lupini nyeupe wala ya buluu, ambazo ni miongoni mwa zinazolimwa zaidi. Lakini nyanda zetu za juu zina lupini yake ya asili, Lupinus princei, yenye mbegu za ngozi ya kukwaruza, na bustanini yamo maua ya lupini yaliyotoka Marekani. Mtu asiyejua ni ipi iliyo mkononi mwake hana sababu ya kumpa ng'ombe mwenye mimba.

Basi ing'olewe yote? Hapana, na hapa nawapinga wa upande wa pili kwa nguvu zaidi. Alkaloidi hizo hizo ndizo zinazoufanya mmea uishi bila dawa za dukani. Vidukari wengi huukwepa mmea mchungu, na wanyama wadogo wanaotafuna mashina huuacha. Lupini nyeupe ina mizizi midogo inayoota kwa vishada na kutoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na udongo. Mkulima wa Kuresoi, au wa Kakamega na Vihiga huko magharibi, anayejua jinsi mbolea inavyopotelea kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, ataelewa thamani yake. Ongeza naitrojeni inayotokana na vinundu vya mizizi. Kama mbolea ya kijani, inayolimiwa ardhini ikiwa bichi, uchungu wake hauna hasara yoyote kwa mwenye shamba.

Kwa chakula cha mifugo, jibu lililopatikana duniani ni lupini tamu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtafiti Mjerumani Reinhold von Sengbusch alipima mimea mingi mno, mmoja baada ya mwingine, akapata michache isiyo na uchungu. Kutoka hapo zikaja aina za leo, na Australia inataka lupini ya chakula cha watu isizidi miligramu 200 za alkaloidi kwa kilo. Nguruwe ndio wanaodhurika upesi zaidi, kwa hiyo anayewafuga ana haja kubwa ya kujua kiwango hicho. Gharama ya utamu ni kwamba kinga imeondoka. Vidukari hurudi, na mkulima huenda akarudi kwenye kunyunyiza dawa aliyotaka kuikwepa.

Njia ya kuloweka ipo, na majirani zetu wa Ethiopia wameitumia muda mrefu. Huko lupini nyeupe, wanayoiita gibto, hukaangwa na kulowekwa kwa siku kadhaa hadi uchungu uishe. Kwa familia inayotaka kitafunwa ni sawa. Kwa mfugaji wa Njoro sioni inavyowezekana: maji yenyewe ni ya kununua au ya kubeba, na yale machungu yanayobaki yatamwagwa wapi? Mto Njoro unaishia Ziwa Nakuru.

Linalonisumbua zaidi ni mbegu ya kuhifadhi, maana wengi wetu hatununui mbegu kila msimu. Utamu ni tabia inayofunikwa na uchungu mimea miwili ikichanganyika, na nyuki huvusha chavua, hasa kwenye lupini nyeupe. Tuseme umepanda lupini tamu, na kwenye mpaka wa jirani kuna lupini chungu. Alkaloidi za mbegu huletwa kwa sehemu kubwa na mmea mama. Mama akiwa mtamu, mbegu aliyoizaa itakuwa tamu hata kama chavua ilitoka kwa mchungu. Utaionja, utaridhika, utaihifadhi. Msimu unaofuata, mmea unaoota kutoka mbegu hiyo utakuwa mchungu, majani na mbegu. Ulimi ulikueleza habari za mama, haukukueleza habari za mtoto.

Kwa sababu hiyo naona kipimo sahihi ni cha jani, na wanaozalisha mbegu wanacho tayari. Karatasi iliyolowekwa kitendanishi cha Dragendorff, kemikali ya maabara inayobadilika rangi ikikutana na alkaloidi, ina rangi ya njano. Ukikata kikonyo cha jani na kugusisha utomvu wake, mmea mchungu huacha doa la rangi ya chungwa iliyoiva, na mtamu hauachi doa hilo. Kazi hiyo hufanyika mmea ukiwa mdogo, kabla ya ua kufunguka na nyuki kufika, kwa hiyo mche mchungu unang'olewa kabla haujaharibu wenzake.

Msimamo wangu basi ni huu: lupini chungu ibaki kwenye udongo, mbali na hori na mbali na shamba la lupini tamu. Lupini tamu iingie bandani ikiwa tu mbegu yake inajulikana ilikotoka na shamba limepimwa kwa majani kila msimu. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kiko hapo hapo. Karatasi hizo zikipatikana kwa maafisa wa kilimo wa kaunti na kwenye maduka ya agroveti ya Molo na Elburgon, kikundi cha wafugaji kinaweza kupima shamba lake chenyewe, asubuhi moja, kabla ya maua.