Nimekosa Pa Kumshtaki Huyu Mtoto

Kesi ninayo, ushahidi ninao, macho mekundu haya hapa kila mtu anayaona. Kinachonishinda ni pa kuipeleka. Mshtakiwa ana miezi minne, hana jino hata moja kinywani, shingo yenyewe ndiyo kwanza imekaza, na nyumba nzima tunaishi kwa amri yake. Kila ninakobisha hodi kulalamika, natoka nimeambiwa mtoto yuko sawa.

Nilianza kwa daktari. Tulikwenda kliniki kumpima uzito, nikasema leo namwaga yote. "Daktari, huyu mtoto usiku halali." Daktari hata hakuinua kichwa. "Ananyonya?" Ananyonya. "Nepi analowesha?" Bila huruma. "Uzito unapanda?" Akatazama mzani, akajijibu mwenyewe. "Basi mzima huyo." Nikamuuliza, na mimi je? Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani wewe unanyonyesha?" Kesi ikafungwa palepale, tena mbele ya mke wangu.

Nikampigia mama yangu mzazi, shahidi niliyekuwa namtegemea. Nikamweleza hali yangu yote. Akanyamaza kidogo, nikajua anatafuta maneno ya kunipoza, kumbe anazuia kicheko. "Mwanangu, huyo mpole. Wewe ulikuwa ukilia mpaka baba yako anakwenda kulala kwa rafiki yake." Sikujua kama kwenye ukoo wetu kuna ruhusa ya namna hiyo. Nilipomgusia mke wangu, Mama Zawadi, habari hizo, alinitupia jicho moja tu, na mada hiyo haijarudi tena mezani.

Basi nikasema nisome, maana wataalamu hawana undugu na mtu. Nikakuta wao ndio mawakili wake wakubwa. Wanasema mtoto mchanga hulala saa 14 mpaka 17 kwa siku. Nikarudia kusoma. Saa 17! Mimi nikilala saa 17 watu wanaanza kuulizana nimezidiwa lini. Kumbe kuna kipengele: analala kwa rejareja. Anachukua saa moja hapa, nusu saa pale, saa mbili akijisikia, ukijumlisha mchana na usiku hesabu yake inatimia kabisa na wewe hujapata kitu. Tumbo lake dogo na maziwa ya mama yanasagika upesi, kwa hiyo wiki za mwanzo kila baada ya saa mbili au tatu njaa inamuuma. Kutofautisha usiku na mchana hakuzaliwa nako. Saa hiyo ya mwilini huanza kujijenga akielekea miezi miwili mitatu. Yaani mtu anaamka usiku wa manane, anatazama dari, anapiga mateke kwa furaha, kwake yeye kumekucha zamani.

Hata mwili wa mama uko upande wake. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku kunasaidia maziwa yasipungue. Na hayo maziwa ya usiku yana homoni ya usingizi ndani yake. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Mtu ananyonya usingizi wenyewe, anacheua, kisha ananitolea macho!

Nilidhani akikua kidogo mambo yatapoa. Yakapoa kweli, akawa anaunganisha usingizi nusu ya usiku, nikaanza kutembea kifua mbele na kuwapa watu ushauri wasioniomba. Mwezi wa nne ulipoingia, tukarudi kulekule. Nikasoma tena. Wanasema eti ni maendeleo. Usingizi wake unakomaa, unajigawa katika hatua zinazofanana na za watu wazima, ila mzunguko wake mmoja ni kama dakika 50 wakati wa mtu mzima ni kama 90. Kila mzunguko ukiisha, anaibuka karibu kabisa na kuamka. Sisi wakubwa tukiibuka tunageuza mto, tunaendelea, asubuhi hatukumbuki kitu. Yeye mto hana, na haruhusiwi kuwa nao, kwa hiyo anaita watu. Haya, ni maendeleo. Lakini maendeleo gani haya yasiyoweza kusubiri asubuhi?

Kumbembeleza naweza. Kumtua ndiko kunakonimaliza.

Amelala begani, pumzi nzito, mate yananichirizika shingoni. Nainama polepole juu ya kitanda chake, natanguliza makalio, kisha mgongo, kisha kichwa kilicholala kwenye kiganja changu. Hapo ndipo penye mtihani, maana kiganja kimenasa chini ya kisogo. Natoa kidole cha mwisho. Natulia. Natoa cha pete. Natulia. Natoa cha kati, anakunja uso, narudisha cha kati. Tunaanza upya. Mwishowe kinabaki kidole gumba, nimeinama nusu, nimebana pumzi, jasho jembamba linanitoka. Natoa gumba. Amelala! Nanyanyuka taratibu, goti la kulia linalia ko! Goti hilo mchana kutwa halina neno. Mtoto anarusha mikono yote miwili hewani, anafumbua macho, ananikuta nimeganda mguu mmoja juu, tunatazamana.

Na huko kurusha mikono pia kuna utetezi wake. Amezaliwa nako, mwili wenyewe unashtuka bila yeye kutaka, na huisha kati ya miezi minne na sita. Nimeambiwa nivumilie. Goti langu hakuna aliyeliandikia utetezi.

Wajapani angalau walilichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN, wakiongozwa na Kumi Kuroda, waliwafunga watoto wachanga vipima moyo ili waone nini hasa kinawaamsha wakati wa kutuliwa. Miaka yote tunalaumu godoro, kumbe mapigo ya moyo yanabadilika tangu mwili wa mtoto unapoanza kuachana na wa mzazi. Anajua unamwacha kabla hujamwacha. Ushauri wao: mtoto akilia, tembea naye dakika kama 5 bila kusimamasimama, akishalala kaa naye tuli dakika nyingine 5 mpaka 8, ndipo umtue. Nimejaribu. Kutembea kunasaidia, nakiri. Sasa hizo dakika nane za kukaa tuli, gizani, kifuani una kitu chenye joto kinachopumua polepole, wa kwanza kulala ni nani?

Hapo naacha utani kidogo. Kwenye kochi ni mahali pabaya mno pa kupitiwa na usingizi ukiwa na mtoto mchanga. Anaweza kuteleza katikati ya mito akakosa hewa. Ukiona kichwa kinaanza kuanguka, mpe mwenzako, na kama mwenzako hajiwezi, mlaze kitandani mwake hata kama analia. Chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila midoli, bila mablanketi ya kujazia. Heri alie akiwa salama.

Nikiwa katika kusoma huko nikakutana na Nathaniel Kleitman, gwiji wa mambo ya usingizi. Mwaka 1938 aliingia na mwanafunzi wake kwenye pango la Mammoth, Kentucky, Marekani, wakakaa huko chini siku 32, hakuna jua. Sababu waliyoiandika ni kuchunguza kama mwili unaweza kuzoea siku ya saa 28. Kijana mwili ulikubali, mzee ukakataa. Mimi habari za saa 28 sina haja nazo. Kilichonivutia ni kwamba mtu mzima mwenye akili zake aliaga nyumbani, akaenda kulala pangoni mwezi mzima, na watu wakamwita mwanasayansi.

Ushauri wa bure ndio usioisha. "Mtoto akilala, na wewe lala." Sawa, na nepi za kuanika nitamwachia nani? Mwingine anasema mtoto akiguna usimkimbilie, kwa sababu watoto wachanga wakiwa usingizini huguna, hukunja uso, hutabasamu, hata hufumbua macho kidogo, na ukimnyakua ndio unamwamsha. Huu kwa kweli ni ushauri mzuri. Tatizo ni utekelezaji. Anaguna, mimi nimetulia kitaalamu, nahesabu pumzi zake. Kutoka upande wa pili inakuja sauti:

"Baba Zawadi."

"Naam."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Ndio maana humsikii mtoto."

Sina hoja. Nikieleza sayansi saa tisa usiku, tunaamka watatu.

Wanasema vilevile usiku usiwashe taa kali, usiongee naye sana, usicheze naye. Mchana mtoe kwenye mwanga, ajue hii ni mchana na ile ni usiku. Naingia nimekaza uso, hakimu asiye na masihara, nabadilisha nepi kimyakimya. Mshtakiwa ananitazama, anaachia tabasamu la ufizi mtupu mpaka macho yanapotea. Hiyo ni rushwa ya waziwazi. Nami naipokea.

Kilichotusaidia kidogo ni zamu. Mama Zawadi ndiye mwenye maziwa, kwa hiyo kesi yake ni nzito kuliko yangu, ila yeye hana mkono wa bure wa kuandikia malalamiko. Anakamua maziwa mapema, saa tatu anaingia kulala chumba kingine, mimi nashika lindo mpaka saa nane, kisha tunapokezana. Kila mmoja anapata usingizi usiokatwakatwa, hata kama ni mfupi. Tunapokutana koridoni kukabidhiana mtoto tunapeana taarifa kwa minong'ono: kanyonya, kacheua, kushoto bado. Ndio mazungumzo marefu ya ndoa yetu kwa sasa.

Mchana sasa ndiyo balaa. Juzi nimesimama kwenye foleni benki na begi langu la kompyuta. Nikasikia watu wanacheka chinichini. Kumbe nimelikumbatia begi kifuani, nayumba nalo kushoto kulia, mkono unalipigapiga mgongoni. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kwa upole, "Limeshacheua?"

Hayo yote navumilia. Nisiyemvumilia ni jamaa mmoja wa kazini kwetu. Mtoto wake, kwa maelezo yake, alianza kulala usiku kucha akiwa na wiki tatu. Anakusimulia huku amekaa vizuri, ngozi inang'aa, nguo zimenyooka, halafu anamalizia, "Ni ratiba tu, bwana." Nikajitetea kwamba wapo wataalamu ambao wakisema mtoto analala usiku kucha wana maana ya saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, basi. Akasema wake anaunganisha mpaka saa moja asubuhi. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamwambia Mama Zawadi sisi ratiba ndiyo imetushinda.

Jumapili jamaa akaja kututembelea na mkewe. Zawadi amelala, tunaongea kwa kunong'ona. Nikamwambia yule mama, shemeji hebu tufundishe na sisi, nasikia kwenu mnalala usiku kucha. Akamgeukia mumewe, akamtazama kuanzia viatu mpaka utosini.

"Kakwambia hivyo? Anayelala usiku kucha ni yeye."

Mama Zawadi akacheka kwa nguvu zote, mtoto akaamka.