Kambi ya Wageni na Maji ya Wenyeji

Ukisimama Capri Point hapa Mwanza, kisiwa cha Saanane kiko mbele yako, dakika chache tu kwa boti. Kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale hadi Serikali ilipokitwaa mwaka 1964 kwa ajili ya wanyamapori, naye akalipwa fidia. Mimi humkumbuka mzee huyo kila habari za Diego Garcia, kisiwa cha Bahari ya Hindi chenye kambi ya kijeshi ya Marekani, zinapotajwa.

Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa vya Chagos, kikiwemo Diego Garcia, kutoka Morisi, iliyokuwa koloni lake, na kati ya 1968 na 1973 ikawahamisha wenyeji wasiopungua 1,500 ili Marekani ipate kambi katika Diego Garcia. Watu hao, waliozoea minazi na samaki, walishushwa Morisi na Shelisheli, na mbwa wao wakauawa kwa moshi wa magari.

Wanaozitetea kambi za kijeshi za kigeni wana hoja, tena si nyepesi. Kambi huleta mishahara, barabara na kodi ya pango kwa wenye ardhi. Kule Okinawa, mkoa wa Japani wenye kambi za Marekani, wapo wenye mashamba wanaopokea kodi hiyo kila mwaka na wasiotaka iishe. Seneti ya Ufilipino ilipokataa mkataba wa kambi ya Marekani ya Subic mwaka 1991, kwa kura 12 dhidi ya 11, maelfu walipoteza kazi kabla eneo hilo halijageuzwa kuwa bandari huru yenye viwanda. Njaa ya kipindi kama hicho haitulizwi kwa hotuba za uhuru.

Hata hivyo, Okinawa ina takriban asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, lakini imebeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini humo. Mwaka 2019, katika kura ya maoni mkoani humo, zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura walikataa ujenzi wa kambi mpya eneo la Henoko, na ujenzi ukaendelea. Faida imegawanywa kwa baadhi, kelele za ndege zikaachiwa wote.

Wavuvi wetu wanajua maana ya kufungiwa maji. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa; mitumbwi hupandishwa mchangani, na mama lishe wa mwaloni wa Kirumba hupunguza sufuria. Hizo ni siku chache tu, na kila mtu anajua giza litarudi. Wachagos hawakuwa na hakika kama hiyo.

Kwa maoni yangu, ubaya au uzuri wa kambi huanzia kwa anayeshika kalamu. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 unakusudia kuirudishia Morisi mamlaka juu ya Chagos, huku Uingereza ikiikodi Diego Garcia kwa miaka 99, kwa wastani wa paundi milioni 101 kwa mwaka. Waliotia saini ni serikali mbili. Katika mkataba huo Wachagos wametengewa mfuko wa paundi milioni 40, na Morisi inaruhusiwa kuwarudisha katika visiwa vingine, isipokuwa Diego Garcia.