Watasema na Mafuta ya Upako

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Jina alipewa na baba mdogo enzi akigombania mpaka na jirani yake kule Kasulu, ili kila jioni akimwita mbwa, ujumbe ufike ng'ambo ya uzio. Kesi ilipoisha, mbwa akahamishiwa kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, yeye na jina lake.

Kiangazi kilipokolea, manyoya yakampauka. Akijikuna tu, kibaraza chote mba. Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja chanjo ya kichaa akamkagua viroboto, hakuviona, akampa dawa ya minyoo, kisha akatamka jambo ambalo mke wangu hajamsamehe mpaka leo: "Mtilieni na mafuta ya zeituni kidogo kwenye chakula."

"Mafuta ya nini?" mke akauliza.

"Zeituni. Ya kula, siyo yale ya kupaka yenye manukato."

Hapa Kigoma, mafuta ni mawese. Maharage kwa mawese, mgebuka kwa mawese, hata mlango ukipiga kelele kuna mtu atakwambia weka mawese. Sasa mwenye nyumba ale mawese, mbwa ale zeituni! Daktari akaendelea na kipimo kana kwamba hajauona uso wa mke wangu: kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mbwa, na tuanze na nusu kijiko, kwa sababu tumbo lisilozoea litaharisha, na mafuta yakizidi kongosho linaweza kuvimba. Tena akasema kwa ngozi hata dagaa wanafaa, kwani omega-3 imo zaidi kwenye samaki kuliko kwenye zeituni.

"Umesikia?" mke akadakia. "Dagaa! Ziwa zima liko pale chini, wewe unataka zeituni."

Nikanunua hivyo hivyo. Kichupa kimetoka Uhispania, kidogo, na kwa bei yake ningerudi na dumu la mawese na nauli ya bodaboda juu. Binti wa kaunta akanitazama kwa heshima. "Ya upako hiyo, kaka?"

"Ya kula."

"Hongera," akasema.

Watasema aliipenda kuliko mfupa. Baada ya muda hata kunusa hakuhitaji. Kizibo kikilia *tik* jikoni, yeye ameshafika mlangoni, mate yanamchuruzika. Manyoya yakaanza kung'aa. Mke anasema ni dawa ya minyoo. Mimi sibishani, risiti ninayo.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kibondo. Siku ya pili akafungua kabati akatafute chumvi, akatoka na kile kichupa amekikumbatia kifuani, macho yamemlenga machozi.

"Baba Neema, kumbe siku hizi nyumba hii inaomba!"

Haya, niambieni nyie. Mkwe ameshukuru, anatabasamu, na hajawahi kunitabasamia tangu nitoe mahari nusu. Nimwambie ni ya mbwa? Nikainamisha kichwa: "Tunajitahidi, mama."

Jumamosi akaita watu wa kanisani kwake waje kutuombea. Sebule ikajaa, viti vikaazimwa, waliokosa wakasimama koridoni. Watasema nikamfunga kwenye mwembe kwa kamba ya katani. Mchungaji, mtu mnene mwenye upara unaorudisha mwanga wa taa, akaomba mafuta. Mama mkwe akampa kwa mikono miwili. Watu wakafumba macho.

*Tik.*

Nikasikia kamba ikikatika uani.

Mchungaji anapita anapaka vipaji vya nyuso, na mimi nimefumbua jicho moja. Watasema akaingia kimya kimya, tumbo karibu liguse sakafu. Akamfikia mzee mmoja aliyepiga magoti karibu na mlango, akamlamba paji la uso kuanzia nyusi hadi kwenye mvi.

"Asante Bwana!" mzee akapaza sauti. "Nimeguswa!"

"Amina!" wakaitikia.

Mbwa akasogea kwa mama wa pili. "Na mimi nimeguswa! Ni joto! Joto!" Maombi yakapamba moto. Wa tatu alikuwa kijana, naye ulimi ulimwingia puani. Akafumbua macho.

Ukelele ule nadhani ulisikika Kibirizi. Viti vikaanguka, mtu akapanda juu ya meza, wengine wanakemea "Shindwa! Shindwa!" Mke wangu, akimtafuta mbwa katikati ya miguu ya watu, anaita kwa nguvu zote: "Watasema! Watasema!"

"Waache waseme!" mchungaji akajibu, macho bado kayafumba. "Adui hana la kufanya!"

Neema ndiye aliyetumaliza. Ana miaka sita, na siri kwake haina kituo. "Bibi, msimpige! Anafuata mafuta yake!"

"Mafuta yake nani?"

"Ya Watasema. Baba humtilia kwenye ugali."

Sebule nzima ikanigeukia. Mama mkwe akakitazama kichupa, akamtazama mbwa anayejilamba pua, kisha vidole vyake mwenyewe. Hakusema na mimi, alisema na mke wangu: "Mwanangu, mwambie mwenzio nashukuru. Nimewapaka watumishi wa Mungu kitoweo cha mbwa."

"Lakini mimi," mzee wa mlangoni akasema polepole, akijifuta paji, "niliguswa kweli."

Chai ikanywewa haraka haraka, watu wakaaga. Nikamsindikiza mchungaji hadi kwenye bodaboda nikitafuta maneno ya kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Akageuka nyuma kuhakikisha hakuna anayetusikia.

"Yule mbwa manyoya yalikuwa yamekatika kabisa?"

"Yalipauka, mchungaji."

"Na sasa yanang'aa vile." Akajipapasa upara. "Huwa unampa kiasi gani?"

"Kijiko cha chai kwa kila kilo 10."

Akalitazama tumbo lake, akahesabu kwa midomo. "Basi mimi ni vijiko tisa."

"Anza na nusu, mchungaji," nikamwambia. "Utaharisha."