Yurti inataka mtu nyumbani

Mtu akisikia ninaishi mwaka mzima kwenye yurti, ile nyumba ya duara ya fito na kitambaa, mahali ambapo theluji hulala chini miezi minne au mitano, swali lake ni lilelile: "Sasa baridi mnaivumiliaje?" Zamani nilikuwa na jibu refu la matabaka ya sufu na aina za kuni. Siku hizi namrudishia swali: kwako mchana anabaki nani? Wengi hudhani nimekwepa.

Sijakwepa. Nimeshapitisha majira manne ya baridi ndani ya nyumba ya kitambaa, na hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulisema bila kusitasita. Yurti inaimudu baridi vizuri tu, mradi isiachwe peke yake.

Majira ya kwanza niliishi humo mwenyewe, na nilikuwa natoka kwenda kazini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nawasha jiko, nalishindilia magogo, nabana hewa ili yaungue polepole, naondoka. Kufika saa tano moto umekwisha. Narudi saa moja jioni, nje nyuzi 18 chini ya sifuri, na ndani nafuu yake ni kwamba hakuna upepo. Maji ya ndoo yameshika barafu unene wa kidole. Mafuta ya kupikia yameganda kama samli. Sifongo ya kuoshea vyombo ungemrushia mtu ungemtoa damu. Nilijifunza kulala na dawa ya meno ndani ya blanketi, pamoja na simu na betri za tochi, wote tumekumbatiana kama vifaranga.

Halafu nawasha moto, na hapo ndipo yurti inapokughilibu. Nusu saa tu hewa imeshapata joto, unavua koti, unavua sweta, unajiona bingwa. Lakini gusa godoro. Gusa sakafu, gusa sufuria, gusa kitabu. Kila kitu bado ni baridi, na kitaendelea kunyonya joto lako mpaka usiku wa manane. Nyumba ya mawe huweka akiba. Jiko likizimika, kuta zinaendelea kutoa joto saa nyingi. Yurti haina pa kuweka akiba. Inaishi kijungujiko: kinachoingia ndicho kinacholiwa, na jiko likilala, nayo inalala njaa.

Wiki ya tatu ikaanza kunyesha ndani.

Mwanzoni nilidhani turubai limetoboka, nikapanda juu na ngazi katikati ya theluji nikitafuta tundu ambalo halikuwapo. Yangu ni yurti ya kiwandani: nje turubai, ndani karatasi ya kung'aa yenye mapovu ya hewa, na juu kabisa, palipo na duara la kileleni, kuba la plastiki angavu lililofungwa kabisa. Mtu akipumua, akichemsha chai, akianika soksi, mvuke unapanda. Ukikutana na plastiki iliyopoa unageuka maji, na usiku wa baridi kali maji yanaganda palepale. Asubuhi jiko likikolea, barafu yote inayeyuka kwa mpigo na kudondoka katikati ya chumba. Mimi kitanda nilikiweka katikati ya chumba kwa sababu nilitaka kuona nyota. Usicheke. Na siku nilipovuta kabati niliona fito za ukuta nyuma yake zimeota ukungu mweusi, kwa kuwa joto halikuwa likifika huko na unyevu ulikuwa ukifika bila shida.

Mwezi Machi alinitembelea mzee mmoja wa Kimongolia aliyezaliwa na kukulia kwenye nyumba za namna hii. Aliangalia kuta, akaangalia juu, akauliza mambo mawili tu: mbona nimeziba tundu, na mchana nani anakaa na moto. Nikamweleza kwamba tundu likiwa wazi joto linatoka. Akajibu kwamba ndiyo, linatoka, na ndiyo sababu mtu huongeza kuni. Kwake lilikuwa jambo la mtoto wa miaka mitano.

Nilichukua muda kuelewa kwamba maswali yale mawili ni swali moja. Kwenye ger, jina ambalo Wamongolia huiita nyumba hiyo, jiko hukaa katikati, chini ya duara la kileleni liitwalo toono, na bomba la moshi hupita humo humo. Juu ya toono kuna kipande cha sufu kinachovutwa kwa kamba: mchana kinafunuliwa, usiku kinafunikwa. Mvuke una njia ya kutokea. Ukuta ni sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, tabaka moja wakati wa joto, mawili au matatu wakati wa baridi, na sufu hunywa unyevu kiasi cha theluthi ya uzito wake kabla mkono wako haujauhisi, kisha huutoa taratibu kadiri moto unavyoendelea kuwaka. Sharti ni hilo la mwisho. Moto uendelee. Na moto haujilishi.

Nyumba hii ilibuniwa na wafugaji, na kwenye maisha ya wafugaji nyumba haibaki tupu. Bibi yupo, mtoto mchanga yupo, maziwa yako jikoni, ndama aliyezaliwa usiku kaingizwa ndani asife. Kila anayeingia anatupia jikoni kipande cha samadi kavu kama vile anavyofunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyepewa kazi ya kutunza joto, kwa kuwa kila mtu anaifanya bila kuihesabu. Kisha sisi tukaichukua ile nyumba, tukaiacha ile familia.

Umbo lenyewe sina ugomvi nalo hata kidogo. Aliyewahi kuingia nyumba ya msonge anajua raha ya kukaa mahali pasipo na pembe. Yurti yangu ina kipenyo cha mita 6. Nyumba ya mraba yenye sakafu sawa na hiyo ingehitaji ukuta mrefu zaidi kwa mita mbili na ushei, na kila mita ya ukuta ni mahali pa joto kutorokea. Upepo nao hauna pa kushika. Unazunguka na kwenda zake. Usiku wa dhoruba husikia turubai likipumua, ila fito hazilalamiki, maana zimepishanishwa na kufungwa ili zicheze kidogo. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufundi wa kujenga ger kwenye orodha ya turathi za kitamaduni zisizoshikika, na mwaka 2014 ukafuata ule wa yurti za Wakirgizi na Wakazaki. Wakirgizi wameliweka duara la kileleni hata kwenye bendera ya taifa. Wanastahili heshima hiyo. Mimi ningeongeza tu kwamba kuijenga ni kazi ya saa chache, kuishi ndani yake Januari ndio ufundi.

Kuna wanaotaja Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kama ushahidi kwamba yurti na majira ya baridi haviendani tena. Huo ndio mji mkuu wenye baridi kuliko yote duniani, na pembezoni mwake mamia ya maelfu ya watu wanaishi kwenye ger na vijumba. Wengi walihamia baada ya mifugo yao kufa katika majira mabaya ya baridi ambayo wenyewe huyaita dzud. Yale ya 2009 hadi 2010 yaliangamiza mamilioni ya wanyama. Moshi wa majiko yao uliutia mji giza kila Januari, hadi mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku makaa ya mawe ghafi na kuleta yaliyosindikwa. Naona lawama inapelekwa siko. Mtu aliyetoka malishoni akafika mjini hana samadi, ana makaa ya mawe. Amebanana na majirani badala ya kuwa na bonde zima. Na mchana anatoka kutafuta riziki, akirudi analiwasha jiko lililopoa, na jiko lililopoa ndilo linalotoa moshi mwingi kuliko yote. Nikisoma habari hizo naona ugonjwa wangu wa mwaka wa kwanza, kwao ukiwa mzito zaidi, na wao hawakuuchagua.

Kuhusu jiko nisikuchoshe, lakini mawili siwezi kuyaruka. La kwanza: ule ujanja wangu wa kubana hewa ili magogo yaungue siku nzima ulikuwa upumbavu. Kuni zinazofukuta bila mwali huacha bombani masizi mazito kama lami, na masizi hayo siku moja hushika moto yenyewe. Langu lilinguruma usiku mmoja wa Februari, bomba likawa jekundu, nikasimama nje na ndoo ya theluji nisijue niimwage wapi. Lilizima lenyewe. Tangu hapo nachoma kuni zilizokaushwa zaidi ya mwaka, moto mkali na mfupi, na bomba nalisugua kila mwezi. La pili ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. King'ora chake ni kitu kidogo, na mtu anayelala kwenye chumba kimoja na jiko bila kuwa nacho sitaki hata kujadiliana naye.

Majira ya pili nilibadilisha karibu kila kitu. Nilitoa ile karatasi ya kung'aa nikaweka sufu, nikainua sakafu na kuijaza sufu ya kondoo chini ya mbao, nikafungua kuba liwe na kifuniko cha kuvuta kwa kamba. Kitanda kilihamia ukutani, nyota nikaziaga. Unyevu ulipungua sana. Lakini jioni ya kwanza ya baridi kali niliporudi kutoka kazini, ndoo ilikuwa na barafu. Nyembamba zaidi, nakubali.

Kilichoiondoa barafu ile ni mke wangu, aliyehamia mwaka wa tatu na ambaye kazi yake ya kushona anaifanyia nyumbani. Ghafla yurti ikawa nyumba. Godoro likawa vuguvugu saa moja jioni, fito zikakauka, mkate ukaumuka. Nikaanza kuwaeleza watu kwamba tumeshinda, mpaka siku aliyonisikia nikisema "tumeshinda" mbele ya wageni. Walipoondoka akaniambia, "Baba watoto, wewe umeshinda kazini. Mimi nimeshinda na jiko." Kwa wiki nzima alikuwa akiandika kwenye kikaratasi kila alipoacha cherehani kwenda kutia kuni, kupasua vijiti, kutoa majivu, kufungua tundu, kufunga tundu. Mara 14 kwa siku. Siku ya theluji nzito, 19, kwa sababu paa nalo lazima likung'utwe.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimemsifu mfugaji kwa nyumba isiyobaki tupu bila kujiuliza ile kazi isiyohesabiwa ilikuwa ikimwangukia nani. Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue yurti ya kuishi majira yote nitamjibu kwamba turubai, sufu na jiko anaweza kuvipigia hesabu kwa fedha, ila kuna mchana wa mtu mmoja, kila siku, miezi mitano, na huo lazima ujulikane utatoka kwa nani kabla hujaagiza chochote. Kama jibu ni "tutaona", jenga nyumba ya mbao yenye kuta nene. Sitakucheka.

Sisi tumegawana. Nimeomba kazi ya siku tatu kwa wiki, mshahara umepungua, na siku zilizobaki moto ni wangu. Yeye huchukua cherehani yake ndogo akaenda kushonea kwa rafiki mwenye kuta za matofali. Leo ni siku yangu. Makala hii fupi nimeianza saa mbili asubuhi na sasa ni saa tisa alasiri, kwa kuwa nimeinuka mara 11. Naona mwali umeanza kushuka. Ya 12 hiyo.