Anayechagua kipimo cha choo hajakwepa

Mgonjwa akishauriwa kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana kisha akasema, "Mimi nipeni kile cha choo," mara nyingi huonekana amekwepa. Daktari alitaka kolonoskopi, ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Hoja yake ina uzito: kamera huona kivimbe na kukiondoa papo hapo kabla hakijageuka saratani, na ikikuta pasafi, asiye na hatari ya ziada hukaa miaka 10 ndipo arudie. Kipimo cha choo hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Vivimbe vingi havitoi damu, na hata saratani yenyewe huweza kukiponyoka.

Lakini kamera haianzii hospitalini. Huanza usiku wa kuamkia siku ya kipimo, mtu na jagi la dawa ya kuharisha, glasi baada ya glasi, akikimbilia choo mpaka yatoke maji matupu ya manjano. Kesho yake haendi kazini, na akipewa dawa ya usingizi lazima awepo wa kumrudisha nyumbani. Bado sijataja aibu, ambayo kwa aliyewahi kudhalilishwa mwili ni mzigo mzito mno. Kipimo cha choo ni kijiti kinachochovywa kwenye kinyesi na kurudishwa kwenye kichupa chake. Basi.

Utafiti wa San Francisco uliochapishwa 2012 ulihusisha watu 997. Walioshauriwa kamera pekee, asilimia 38 tu walikamilisha uchunguzi ndani ya mwaka. Walioshauriwa kipimo cha choo, 67. Walioachiwa kuchagua, 69. Itazame tena hiyo 38: katika kila watu 100 walioelekezwa kwenye kipimo kinachosifiwa zaidi, 62 hawakukamilisha. Ubora wa kamera unamfaa nini mtu ambaye haikumfikia?

Mwenye dalili, kama damu kwenye choo au kukonda bila sababu, hana uchaguzi huu. Yeye aende kwa daktari moja kwa moja. Na anayechagua choo ajue hurudiwa kila mwaka au miwili, na damu ikionekana, kamera haikwepeki. Hilo aulizwe mapema: majibu yakija na damu, utakubali? Akisita, aelezwe tena taratibu, kabla hajakabidhiwa kichupa.