Anayesimamia Zege Naye Alipwe

Daftari langu la ujenzi limeshajaa zaidi ya nusu. Tangu siku tuliyochimba msingi wa boma letu huko Kibaha nimeandika humo mifuko ya saruji, tripu za mchanga na kifusi, maboza ya maji, misumari kwa kilo, hata soda za mafundi siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Mke wangu hulitania kwamba likipotea nitalia kuliko nyumba yenyewe ikianguka. Hata hivyo, katika kurasa zote hizo hapakuwa na shilingi moja iliyoandikwa kwa ajili ya yule anayesimama pale kiwanjani tangu asubuhi hadi jioni kuhakikisha kwamba kilichonunuliwa ndicho kinachoingia ukutani. Mtu huyo kwetu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kwa kuwa ni ndugu tulikuwa tukimpa nauli na sahani ya wali wa mama lishe, tukaona tumemaliza.

Sasa naona tulikuwa tunakosea, na siku iliyonifumbua macho ni Jumamosi tuliyofunga lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha.

Jumamosi hiyo ilikwisha kupangwa kupita kiasi kabla haijaanza. Shangazi yangu alikuwa anaingia alfajiri kutoka Iringa kwa ajili ya sendofu ya binti wa kaka yangu, na kwa kuwa mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu mwaka 2023, wageni wetu siku hizi hufika saa ambazo zamani ndipo wangekuwa wanapanda gari. Binti yetu wa darasa la saba alikuwa na mtihani wa majaribio na alitakiwa awe shuleni Kimara kabla ya saa moja na nusu. Mke wangu alikuwa anakwenda Kariakoo na wenzake kutafuta vitenge vya sare. Saa kumi jioni palikuwa na kikao cha kamati ya sendofu hiyo Mbezi, ambako mimi ndiye mtunza hazina, kwa hiyo nisipofika kikao hakifanyiki. Katikati ya hayo yote, fundi alikwisha kusuka nondo na kufunga mbao, vibarua wamekwisha kuahidiwa, na zege lilikuwa limwagwe siku hiyo hiyo. Msomaji atauliza kwa nini tusiahirishe. Anayejenga kwa mshahara anajua jibu: vibarua uliowapata leo wiki ijayo wako kwa mwingine, na hela uliyoishika leo wiki ijayo ina kazi nyingine.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Basi liliingia saa kumi na mbili na dakika kadhaa, shangazi akashuka na begi moja, debe la viazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpokea, nami sikuwa na muda wa kumfikisha na kumwandalia chai kama inavyostahili. Nikamweleza kwa aibu kwamba itabidi tumshushe mtoto shuleni kisha twende wote kiwanjani. "Twende, baba," alisema. Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake. "Mimi mwenyewe nataka kuiona hiyo nyumba ninayoisikia kwenye simu."

Kazi ilianza saa tatu. Kabla ya kuanza nilimkabidhi shemeji karatasi yenye vipimo. Lenta yetu ni ya nondo nne za milimita 12, na zege lake ni la moja kwa mbili kwa nne, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa kilo 50 huchukua ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji ndiyo yenye mtego. Mfuko mmoja unatosheka na ndoo moja na robo hivi, na ikifika ndoo moja na nusu umekwisha kugusa ukomo. Tulikuwa na mifuko 16, na shemeji, ambaye amesoma ufundi na anaelewa hesabu hizi kuliko mimi, alisimama na karatasi yake kando ya tangi la maji.

Saa tano simu ikalia kutoka shuleni: mtoto ana homa, ametapika, aje mzazi. Kutoka Kibaha hadi Kimara ni kilomita zisizofika 20 na barabara siku hizi ni pana, njia nane, lakini kumpeleka zahanati, kusubiri vipimo, kununua dawa na kurudi kulinila zaidi ya saa mbili na nusu. Nilirudi binti amelala kiti cha nyuma, amejifunika kitenge cha shangazi yake mkubwa.

Niliyoyakuta niliyaelewa kabla sijaambiwa. Kazi ilikuwa inaendelea kimyakimya, fundi hanitazami, na shangazi amekalia ndoo iliyofunikwa kifudifudi kando ya tangi, kibeti chake mapajani, ncha ya mpira wa maji ameikanyaga kwa kandambili. Kila mchanganyiko mpya ulipokuwa tayari kutiwa maji, saidia fundi alimletea ndoo, naye akafungulia koki, akatazama, akafunga.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilipoondoka tu, mpira ukaelekezwa moja kwa moja kwenye lundo. Shemeji akasema maji yamezidi. Fundi akamjibu, "Dogo, hebu kaa kivulini, sisi tumejenga kabla hujazaliwa." Akasema tena, vibarua wakacheka. Mchanganyiko wa mifuko miwili ukapanda juu hivyo hivyo, ukiteleza kwenye ndoo na kuchuruzika katika nyufa za mbao, hadi shangazi alipoamka usingizini kwenye kivuli cha mwembe, akasogea, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili ni zege au uji wa mgonjwa?" Fundi akatoa shikamoo. Akaanza kueleza. Shangazi, ambaye ameachwa mjane na watoto wanne na amejenga nyumba yake mwenyewe tofali kwa tofali, hakungoja maelezo yaishe. Alichukua mpira, akakaa.

Sina kinyongo na fundi huyo, na sababu za kupenda maji si fumbo. Analipwa kwa kazi, si kwa siku, kwa hiyo akimaliza saa nane badala ya saa kumi faida ni yake. Zege lenye maji mengi huchanganyika kwa koleo bila kuumiza mgongo, na likimwagwa ndani ya mbao hushuka lenyewe hadi chini ya nondo, ambapo zege la kipimo linahitaji mtu wa kulishindilia kila hatua. Gharama huonekana baadaye. Maji yaliyozidi hukauka na kuacha vitundu, zege likapungua nguvu, unyevu ukapata njia ya kuzifikia nondo. Kwa kuwa juu yake linakuja lipu na rangi, aliyelijenga anakuwa ameshalipwa na kusahauliwa.

Kilichonisumbua ni shemeji. Maarifa alikuwa nayo, karatasi alikuwa nayo, na alisema jambo sahihi kwa wakati. Alichokosa ni kusikilizwa. Shangazi hakuwa na karatasi yoyote, ila alikuwa na mvi, na kwetu mvi zinatosha kusimamisha kazi. Siwezi kupanga ujenzi wangu kwa kutegemea kwamba kila siku ya zege shangazi atakuwa ameshuka kutoka Iringa. Ninachoweza kufanya ni kumpa kijana cheo ambacho hata fundi anakielewa, na kiwanjani cheo hicho kinajulikana kwa malipo. Fundi anajua nani analipwa na kwa nini. Yule anayeletewa nauli na wali anaonekana kuwa mtoto wa nyumbani aliyekuja kushinda pale, na ndivyo shemeji alivyochukuliwa, kwa sababu ndivyo sisi wenyewe tulivyomchukulia. Saidia fundi aliyekuwa akibeba ndoo siku hiyo aliondoka na shilingi 20,000. Shemeji aliondoka na 5,000 ya nauli, na akashukuru.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba kumlipa ndugu ni kuufanya undugu biashara, na kwamba leo nimemsaidia kulipa ada, kesho anisaidie kusimamia boma. Hoja hiyo ina uzito, ila inaficha kitu: msaada wa ada ulitolewa kwa hiari yangu na kwa wakati wangu, ilhali Jumamosi zake mimi ndiye ninayezipangia. Wengine watakumbusha visa vya ndugu waliokabidhiwa ujenzi wakala hela. Visa hivyo vipo, na kila aliye ughaibuni amesikia habari za mtu aliyetuma fedha miaka mitatu akarudi kukuta msingi umeota majani. Wizi sitautetea. Lakini nimeona pia jinsi tunavyomkabidhi kijana asiye na kazi mamilioni ya saruji na nondo, tukamwambia yeye mwenyewe hana chake humo, kisha tukashangaa anapojitafutia posho kwenye mfuko wa kumi na saba. Mtu mwenye ujira unaojulikana ni rahisi kumdai hesabu. Asiye na ujira ukimdai risiti anaona unamtukana.

Kikao cha sendofu nilikifikia saa kumi na mbili nikiwa na saruji kwenye kola, nikasomewa faini ya kuchelewa, nikailipa. Mke wangu aliporudi na vitenge tulizungumza hadi usiku. Tulikubaliana kwamba shemeji atalipwa sawa na saidia fundi kwa kila siku anayosimamia, na kwamba fundi ataambiwa mbele yake: akisema simamisha, kazi inasimama, na muda utakaopotea ni juu yangu. Jumapili asubuhi nilikwenda kumwambia fundi hayo. Alisikiliza, akamtazama kijana kwa muda, akasema hakuna shida.

Shemeji alikuwa amefika kabla yetu kumwagilia lenta, na siku saba zilizofuata alifanya hivyo asubuhi na jioni, akiwa ameifunika kwa mifuko mitupu ya saruji ili jua lisiikaushe mapema. Ule mchanganyiko wa mifuko miwili uliangukia juu ya dirisha la chumba cha watoto, na kwa jicho la kawaida huwezi kuutofautisha na mwingine, isipokuwa ukipitisha kidole kwenye kona unatoka na vumbi kidogo. Wiki iliyopita fundi alitaka kuitoa mirunda ya dirisha hilo, ile miti inayoitegemeza lenta kwa chini, akaitumie kwa mteja mwingine. Shemeji alimwambia haitoki hadi zitimie siku 28, zege lipate nguvu zake. Mirunda bado ipo.