Kijeba hakamatwi siku ya mechi

Kila msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, mabishano ni yale yale, Tabora kama Kigoma. Timu ya wilaya fulani imejaa vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, ile nyingine imeazima mamluki, rufaa imekatwa, kijana anavuliwa jezi mbele ya wenzake. Hapo hujitokeza mmoja wetu tulioko Marekani na kuandika kwamba huku hayo hayapo, huku ukifeli somo moja huchezi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine inapotosha, kwa sababu msimuliaji anataja alama na kuuacha utaratibu. Niko Texas, kwetu ni Kasulu, na msimamo wangu ni huu: tunachopaswa kuazima Texas ni kalenda yao ya ukaguzi. Alama zao tuwaachie.

Nianze na utaratibu wenyewe, maana wengi wanauelezea juu juu. Sheria ya "usipofaulu huchezi" ilipitishwa Texas mwaka 1984. Kwenye mashindano ya shule inasimamiwa na chama cha jimbo kiitwacho UIL, na inawahusu wachezaji wa mpira pamoja na vijana wa bendi, wa midahalo na wa maigizo. Mwaka wa masomo unapoanza, mwanafunzi anaingia kwa kumbukumbu za nyuma. Wa darasa la tisa awe amepandishwa darasa. Wa la kumi awe na krediti 5, na krediti moja ni kama somo moja lililosomwa mwaka mzima na kufaulu. Wa la kumi na moja awe nazo 10, wa la kumi na mbili 15. Hawa wawili wakipungukiwa, wanaweza kupita kwa krediti 5 walizozipata ndani ya miezi 12 iliyotangulia.

Wiki ya sita ikiisha, alama za kila somo zinatazamwa. Aliye chini ya 70 katika somo lolote anaachwa aendelee kucheza siku 7, kisha anatolewa kwenye mashindano kwa wiki 3. Somo ambalo alama yake haijakamilika, labda kwa sababu hakuwasilisha kazi, nalo linamtoa mpaka likamilike. Baadhi ya masomo ya ngazi ya juu yana msamaha wake, ili mtoto asikimbie hesabu ngumu kwa kuogopa kupoteza namba kwenye timu. Wiki 3 zikitimia alama zinatazamwa tena, na kama sasa anafaulu masomo yote, baada ya siku 7 anarudi uwanjani. Muda wote huo wa adhabu anaruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake. Kocha akimchezesha kabla ya tarehe, ushindi wa timu nzima unafutwa. Ndiyo maana makocha wa huku wanazijua alama za wachezaji wao kabla hata wazazi hawajaziona.

Sasa ichukue hiyo 70 uipeleke Kibondo au Sikonge. Kwa viwango vya NECTA, baraza letu la mitihani, vya kidato cha nne, A inaanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya hapo. Maana yake 70 ya Texas, ambayo huku ni mstari wa kufeli na kufaulu, kwetu ni B safi. Kijana mwenye 64 ya Fizikia, C ambayo nyumbani inashangiliwa, angewekwa benchi. Tena alama hizo hazipatikani kwa njia moja. Ya Texas inajengwa kidogo kidogo, kwa kazi za nyumbani, majaribio mafupi, miradi, na mara nyingi nafasi ya kurudia jaribio. Ya kwetu inatoka kwenye mtihani wa nusu muhula na ule wa mwisho wa muhula, karatasi moja imeamua kila kitu, na anayesahihisha ana madaftari ya mikondo mitatu. Anayependekeza tuweke sharti la 70 anapendekeza timu za mkoa zichaguliwe kutoka shule chache zenye walimu wa kutosha. Kigoma, mkoa ambao umewalea wachezaji kama kipa Juma Kaseja, ungebaki na nani?

Kilicho cha kuazima ni ule mzunguko wa wiki sita na wiki tatu. Huku uhalali wa mchezaji unaangaliwa mwaka mzima, na karatasi zinakuwa tayari zimeshapita mikono kadhaa kabla mpira haujawekwa katikati. Kwetu ukaguzi unafanyika mlangoni mwa mashindano, na mlangoni ndipo kila mtu ana haraka.

Tazama fomu ya usajili inavyojazwa. Mwalimu wa michezo anapata taarifa kwamba ngazi ya kata inaanza wiki ijayo. Anakusanya majina kwa kukumbuka nani anacheza vizuri, anabandika picha za pasipoti, mkuu wa shule anapiga muhuri na kusaini. Udanganyifu unaingia kwenye nafasi tatu. Ya kwanza ni jina la mwanafunzi aliyehama au aliyeacha shule, ambalo bado limo kwenye rejista. Jina hilo anavikwa kijana wa mtaani, naye analibeba mpaka ngazi ya mkoa. Ya pili ni picha. Muhuri ukipigwa pembeni ya picha, picha inabanduka na nyingine inakaa pale pale bila alama. Muhuri unatakiwa ukae nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, na wino uwe umekauka kabla fomu haijakunjwa. Ya tatu ni mwaka wa kuzaliwa. Chukua rejista ya kidato cha kwanza ya kijana huyo ulinganishe na fomu ya leo. Mara nyingi umri haujafanana, na ukitazama rejista kwa karibu utaona tarakimu ya mwisho ya mwaka imeandikwa juu ya nyingine, kwa kalamu ambayo si ile iliyoandika mstari wote.

Siwalaumu walimu peke yao. Kombe linampa mwalimu sifa kwenye kata, na kufungwa kunamletea maswali. Hakuna mtu wa nje ya shule anayesaini kwamba alimwona mtoto huyu darasani. Kwenye mechi, timu pinzani ikipinga, wasimamizi wanabaki kutazama ndevu na vifua. Hapo kijana wa kidato cha pili aliyekua haraka anaaibishwa, na mtu mzima mwenye uso wa kitoto anapita. Umri hausomwi usoni.

Dawa iko ndani ya ofisi ya shule, haihitaji bajeti mpya. Kila mwanafunzi aliyepita shule ya msingi miaka ya karibuni ana namba ya PREM, namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi, anayoibeba akihama na akipanda. Orodha ya wachezaji ifungwe mapema, tuseme mwisho wa Februari, ikiwa na namba hiyo, jina kama lilivyo kwenye rejista, mkondo, na tarehe aliyoanza shule hapo. Nakala moja ibaki kwa mkuu wa shule, moja kwa afisa elimu kata, moja kwa afisa michezo wa halmashauri. Jina lisilokuwemo Februari lisiingie Mei. Texas wana sharti linalofanana: asiyekuwepo shuleni tangu mwanzo wa mwaka hana budi awe ameandikishwa angalau siku 15 kabla ya kucheza timu kubwa ya shule, na aliyehama anajaziwa fomu ambayo kocha wa shule ya zamani naye anatia saini, akieleza kama mtoto amehama kwa ajili ya michezo. Ikithibitika kwamba alihamia mpira, anakaa mwaka mzima nje ya timu kubwa. Saini ya shule ya zamani ndiyo inayoua umamluki, kwa sababu kocha aliyenyang'anywa mchezaji hawezi kumfichia siri aliyemnyang'anya.

Kuhusu masomo, ningependa nyumbani tupime mahudhurio na kazi za darasani, tuache alama. Majina yanaitwa kila asubuhi, kwa hiyo kipimo kipo tayari. Ila kipimo hicho kina mtego wake kwa mikoa yetu. Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, uvuvi wa dagaa unafuata mwezi wa angani. Siku za giza zikiingia mitumbwi inatoka na taa usiku kucha, na asubuhi vijana waliovuta nyavu hawaonekani shuleni. Mbalamwezi ikirudi, madawati yanajaa. Ukikagua wiki mbili tu, utawakuta wote wamo au wote hawamo, kutegemea umeangukia giza au mbalamwezi. Kagua wiki nne mfululizo, hapo giza na mbalamwezi vyote vimo ndani. Urambo, Kaliua na Sikonge tatizo ni tumbaku. Kuvuna, kukausha, kuchambua na kufunga majani kunaanguka katika miezi ile ile timu zinapoundwa, na mtoto anayekosa shule mara nyingi yuko banini, kwenye banda la kukaushia tumbaku, na wazazi wake. Huyo usimfute kimya kimya. Mwalimu wa darasa aandike sababu pembeni ya jina, mzazi aitwe, na tarehe ya ukaguzi unaofuata itajwe mbele yake.

Hapa ndipo Texas wanatuzidi kwa mbali. Kijana aliyesimamishwa anabaki kwenye mazoezi na anajua siku ya kurudi. Kwetu adhabu haina mwisho unaojulikana: "usionekane uwanjani tena mpaka nikuambie." Baada ya hapo anapotea kabisa, uwanjani na darasani, kwa sababu mpira ndio uliokuwa unamleta shule. Na tumewahi kuadhibu taifa zima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchi nzima kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo. Hakukuwa na njia ya kumtoa mmoja aliyezembea kwa wiki tatu, basi wakatolewa wote kwa miaka.

Lakini wasomaji wasidhani huku ni peponi. Kanuni ya umri ya Texas inawaumiza watoto wetu, hasa waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mchezaji awe hajafikisha miaka 19 ifikapo tarehe 1 Septemba, na ana miaka minne tu mfululizo kuanzia siku alipoingia darasa la tisa. Sasa wengi waliopitia kambini wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku halisi haikuwa na karatasi. Mtoto aliyezaliwa kweli Novemba 20, 2007 na kuandikwa Januari 1, 2007 atahesabiwa miaka 19 ifikapo Septemba 1, 2026, wakati kwa haki ana 18 na msimu mzima mbele yake. Anaitwa kijeba kwa kosa la karani. Kurekebisha tarehe ukiwa umeshafika Marekani ni kazi ndefu, ya ushahidi na mawakili. Familia ambazo bado zinasubiri safari zitafute kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo au karatasi ya hospitali alikozaliwa, na ziombe tarehe isahihishwe wakati wa mahojiano, kabla haijahamia kwenye kila hati. Na aliyefika na miaka 17 akapangwa darasa la tisa kwa ajili ya Kiingereza, mzazi aulize siku hiyo hiyo ya kuandikishwa: mwanangu atacheza misimu mingapi? Wengi wanalijua jibu mwaka wa tatu, jezi ikiwa imeshachukuliwa.

Afya nayo, kwa kifupi. Kanuni ya Texas haidai mchezaji apimwe kila mwaka; daktari anampima kabla ya darasa la saba, la tisa na la kumi na moja, lakini fomu ya historia ya afya inajazwa na mzazi kila mwaka. Inauliza kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Anayeshukiwa kuumia ubongo baada ya kugongwa kichwa anatolewa papo hapo, na hachezi tena bila daktari kuandika ruhusa. Karatasi kama hiyo yenye maswali sita ya Kiswahili, likiwemo la selimundu, inaweza kujazwa na mzazi wa Nzega kwa dakika tano. Jua la saa nane uwanjani halimsamehe mtoto mwenye selimundu aliyenyimwa maji.

Kwa mwalimu wa michezo anayetaka kuanza Januari, daftari la kaunta moja linatosha. Ukurasa mmoja kwa kila mchezaji, namba ya PREM juu, picha yenye muhuri uliokatiza ukingo. Chini yake mistari ya ukaguzi kila wiki ya nne: siku alizohudhuria kati ya siku za shule, madaftari yaliyosahihishwa, saini ya mwalimu wa darasa, na si ya kocha. Akisimamishwa, iandikwe tarehe ya kusimamishwa, na kwenye mstari huo huo, kabla hajatoka ofisini, tarehe ya kurudi.